Anko ya kupikia Bukavu: maharagi kwanza, sukari nyuma

Hapa kwetu mutu akisikia maharagi anawaza bugali, anawaza wali, anawaza kitunguu na mafuta ya ngazi. Hakuna mwenye anawaza sukari. Lakini kule Japani maharagi ya sukari ni kitu ya kila siku, wanaiita anko, inaingia ndani ya mikate, ndani ya keki ndogo za mvuke, juu ya muchele wa kunata, ndani ya supu ya moto ya wakati wa baridi, na mutu anaikulaka tangu utoto mpaka uzee bila kushangaa. Mimi nimeipenda sana, naipika mara kwa mara, na nataka kuandika hapa yote yenye najua juu ya kuipika mu mazingira yetu, na makala, na maharagi ya soko ya Kadutu, na umeme wa kukatika-katika, juu resete zenye ziko ku intaneti ziliandikiwa watu wenye wako na azuki, ile haragi ndogo nyekundu ya Hokkaido kule Japani, mu kabati na gazi ya kuzungusha tu.

Kitu moja niitangulize, juu hata mutu akisoma hii peke yake atapata faida: sukari isiingie mu sufuria mbele maharagi haijaiva kabisa. Sisemi kuiva ya kukula na bugali, nasema kuiva ya kusagika yenyewe ku kidole. Wamama wote wa hapa wanajua ile ya nyanya, ukiiweka mapema maharagi inakazana, unaongeza maji unaongeza makala na bado iko ngumu. Sukari ni vile vile. Inavuta maji, inafanya ukuta wa ndani ya haragi usilegee, na ukisha kuiweka hakuna tena kurudi, hata upike mpaka jioni ile haragi itabaki pale pale uliiacha. Resete mingi zinasema hii neno mara moja halafu zinapita, wakati njo kiini cha kazi yote.

Sasa haragi yenyewe. Wajapani wanatumia azuki, ndogo, nyekundu ya kukoza, na kamusitari keupe pembeni. Kwa ukoo azuki haiko ndugu ya karibu ya maharagi yetu, iko ndugu ya kunde na ya choroko. Yetu, ile yenye inapandaka ku miti kule Kabare na Walungu, ni ya ukoo ingine yenye ilitoka Amerika zamani, ikaenea dunia mzima. Na kunde nayo wanaijua kule. Kuko chakula yao moja ya sherehe, muchele wa kunata wenye unapikwa pamoja na azuki mpaka unakuwa mwekundu, inaitwa sekihan, na upande wa Tokyo watu wengi wanaweka kunde pahali pa azuki. Sababu yenye wanatoaka ni hii: azuki ikiiva ngozi yake inapasuka katikati, na zamani, mu muji wenye masamurai (wapiganaji wa kule), tumbo kupasuka ilikumbusha watu samurai mwenye anajiua kwa kujipasua tumbo, wakaona hiyo haifai ku meza ya furaha. Kunde ngozi yake inashikilia. Hiyo habari naipenda juu inaonyesha kama hata wao wanabadilishaka haragi kulingana na haja yao, basi na siye tubadilishe bila woga.

Tena kuko anko nyeupe, shiroan, yenye mara mingi haitoke ku azuki. Inatoka ku maharagi nyeupe, na hiyo maharagi nyeupe ni ya ukoo moja na yetu ya Kivu, aina ingine tu. Wapishi wa keki za Kijapani wanaitegemea sana juu inapokea rangi, njo wanatengeneza nayo zile keki ndogo za sura ya maua na majani, nerikiri, zenye wanakulaka na chai ya kijani ya uchungu. Kwa hiyo mutu wa Bukavu akipika shiroan na maharagi nyeupe ya ku soko asifikiri anaigiza kitu. Anapika shiroan. Hii ilinifurahisha kupita yote siku niliielewa, na tangu hapo nyeupe njo napikaka zaidi kuliko nyekundu.

Ku soko ya Kadutu maharagi iko ya kila namna, ndogo nyekundu, kubwa nyekundu, ya njano, nyeupe, nyeusi, ya madoadoa, na mara mingi imechanganywa tangu ku shamba. Mimi nikifika nauliza kwanza:

"Mama, hii ni ya mavuno ya sasa ao ni ya kulala?"

"Kliyan yangu, ni mupya, imetoka Kabare, shika uangalie."

Na mimi nashika kweli, naangalia kweli. Haragi mupya ngozi yake inangaa, haina makunyanzi, haina vumbi ya wadudu mu chini ya kipimo. Yenye imelala mu mufuko miezi mingi, pahali pa joto na unyevu, inabadilika ndani, kuta za seli zake zinakazana, na hapo utaipika nusu siku na bado itabakia na kamuchanga mu meno. Kwa mboga ya kawaida mutu anavumilia, kwa anko hapana, juu anko yote ni ulaini. Wakati muzuri wa kununua ni pale mavuno imetoka kufika, mwezi wa kwanza hivi na mwezi wa sita, hapo ata bei inakuwa na huruma.

Ile ya kuchanganywa uiache kwa mboga. Inaiva kwa zamu, ndogo ya ngozi nyembamba imekuwa uji na kubwa bado inagonga meno, na mu anko hakuna pa kuficha hiyo. Ya madoadoa na nyeusi inatoa rangi ya majivu, ladha iko sawa lakini macho hayafurahi. Kwangu ziko tatu za kuchagua: nyekundu ndogo kama unataka kukaribia anko ya azuki kwa rangi, nyeupe kwa shiroan, na ya njano kama makala iko kidogo, juu ku mbabula yangu (jiko ya makala), haragi ya njano njo inaivaka haraka na ngozi yake haisumbue.

Kwa nusu kilo ya maharagi kavu naweka sukari gramu 400. Wajapani wengi wanaweka uzito sawa kwa sawa, gramu 500 kwa 500, na hiyo iko na sababu kupita tamu tu, nitaisema ku kuhifadhi. Chini ya 300 mimi sishauri, inakuwa maharagi ya kuponda yenye imepotea njia.

Chagua maharagi vizuri, toa mawe, osha, halafu uilowanishe usiku mzima ndani ya maji mingi. Azuki yenyewe wengi hawailowanishe, juu maji inaingia tu ku katundu kadogo kwenye haragi ilishikana na ganda, inachukua muda sana na inaenda bila usawa, wanaona bora kuipeleka ku moto moja kwa moja. Ya kwetu ilowanishe. Kwanza inaokoa makala. Pili, maharagi ya ukoo wetu, zaidi nyekundu, iko na sumu ya asili inaitwa lektini, yenye inaleta kutapika na kuharisha kama haragi haikuiva vizuri, na kuitoa ni kulowanisha, kumwanga ile maji, na kutokotesha kwa nguvu dakika 10 ao zaidi mbele ya kupunguza moto. Moto wa polepole peke yake tangu mwanzo haitoshi. Nasema hii juu siku hizi watu wanapenda kuokoa makala kwa kufunika sufuria mu kikapu cha kuhifadhi joto, ni muzuri sana, lakini itokote kwanza kwa nguvu, njo iingie mu kikapu.

Halafu inakuja maji ya kwanza. Weka maharagi mu maji mupya, tokotesha, acha ile dakika 10 mpaka 15 ya nguvu, halafu mwanga yote, osha sufuria, osha na maharagi. Wajapani wanaitaka hii ata ku azuki, juu maji ya kwanza inabeba ule ukali wa ngozi wenye unakausha ulimi. Siku moja mama mukubwa alinikuta pale ku mulango namwanga.

"Mutoto yangu, unamwanga maji ya maharagi? Hiyo si njo utamu yenyewe?"

"Mama mukubwa, kwa mboga njo utamu. Hii ni ya sukari, ule ukali utasikika."

Akanyamaza, akaangalia ile maji yenye rangi ya kutu, akaonja na kidole, akatema. Mu mboga chumvi na kitunguu na mafuta zinafunika, mu kitu ya sukari hakuna chenye kinafunika. Kwa nyekundu mimi namwanga mara mbili, kwa nyeupe mara moja inatosha kama ililowana vizuri.

Maji ya pili njo ya kupikia. Iweke ipite maharagi vidole viwili, iache itokote kiasi tu, kapovu kadogo kadogo, sufuria imefunikwa nusu. Usikoroge. Ukikoroga ngozi inapasuka mapema, wanga unatoka na unashika chini. Kila wakati maji ikikaribia kushuka chini ya maharagi ongeza, juu haragi yenye imechungulia inje ya maji inakauka ngozi na haitaiva tena sawa na wenzake. Wajapani wako na zoezi moja la zamani, pale inatokota sana wanamwangia maji ya baridi kikombe moja, joto inashuka mara moja, wanasema inasaidia ndani na inje ya haragi kuiva pamoja. Ku mbabula hiyo inatusaidia vizuri juu makala haina kifungo cha kupunguza.

Na muda? Hapa njo resete za intaneti zinatudanganyaka bila kutaka. Ziwa Kivu iko karibu meta 1460 juu ya bahari, na nyumba mingi za Bukavu ziko juu kupita ziwa. Kwa urefu huo maji inatokota ku digri 95 hivi, haifike 100, ufanye moto namna gani. Kwa hiyo wenye wanaandika saa moja, hapa uhesabu muda zaidi, hata saa mbili, na maharagi yako haina kosa, ni hewa ya juu. Mwenye iko Uvira, kule chini ku Tanganyika, atamaliza mbele yetu. Ndugu wa Lubumbashi, ku meta 1200 hivi, nao watatupita kidogo. Mwenye iko na kokoti ya kufunga mvuke, aitumie bila aibu, juu ndani yake joto inapita 100 na kazi ya saa mbili inakuwa ya nusu saa na kidogo, ila asiweke sukari mule, sukari inangojea sufuria ya wazi. Kuko pia wenye wanatupia kabikarbonate, inalegeza haraka kweli, lakini ukizidisha inaacha harufu ya sabuni. Kwa mboga sijali, kwa anko siiweke.

Kujua kama imeiva: toa haragi moja, iweke katikati ya kidole gumba na kile kidogo cha mwisho, kile chenye hakina nguvu. Kama inasagika pale bila wewe kukaza mukono, bila kapunje ka katikati kenye kanateleza, imeiva. Fanya hivyo na ingine ya upande mwingine wa sufuria, na ingine ya chini. Kidole gumba na kile cha kuonyesha havifai kwa hii kazi, viko na nguvu sana, vitasaga hata yenye bado. Ukiwa na shaka ongeza dakika 20. Hakuna haragi ya anko imeharibika juu ya kuiva sana.

Hapa njia zinaachana mbili. Ukiacha ngozi ndani inaitwa tsubuan, unaona vipande vya maharagi, unavisikia mu meno. Ukitoa ngozi inaitwa koshian, laini kabisa. Mu Japani watu wanabishana juu ya hii mpaka leo, kila mutu na upande wake. Kwa azuki mimi naelewa wenye wanapenda tsubuan, ngozi ya azuki ni nyembamba na ikiiva inapotea mu kinywa. Kwa maharagi yetu maoni yangu ni moja: pitisha ku chujio. Ngozi yake ni nene, hata ikiiva inabaki inajikunja ku ulimi, na mutu mwenye anaonja mara ya kwanza atasema "haa, ni maharagi tu". Ukiitoa hatasema hivyo.

Kuipitisha ni kazi ya mukono, lakini njo sehemu yenye napenda. Chujio ya chuma juu ya beseni, maharagi kidogo na maji yake, unasukuma na mugongo wa kijiko, unamwangia kamaji, unasukuma tena. Chini inashuka kitu ya rangi ya maziwa, nzito, na juu zinabaki ngozi peke yake, nyembamba, zimejizungusha, hazina tena ladha ya kitu. Hizo kuku watazipenda. Ukimaliza ongeza maji safi mu beseni, koroga, ngojea robo saa. Ile nzito inalala chini, juu inabaki maji ya vurugu. Mwanga ya juu polepole, ongeza ingine, ngojea tena, mpaka maji ya juu inakaribia kuwa safi. Kisha mimina mu kitambaa, mimi natumia kipande cha kitenge ya zamani yenye haitoe tena rangi, kamata ncha zote, kamua na nguvu yako yote. Ukifungua, ndani kuko unga mubichi, unavunjika-vunjika ku vidole, hauna sukari bado na tayari uko laini sana.

Sababu ya ule ulaini ni muzuri kujua. Ndani ya haragi wanga umekaa mu seli, na wakati wa kupika, protini yenye inauzunguka inaganda na inaufunga mule. Seli zinaachana moja moja bila kupasuka, kila moja inabaki kamufuko kenye kamefungwa. Kiazi ya kizungu ukiiponda sana inakuwa gundi juu wanga wake unatoka inje, maharagi haifanye hivyo. Njo maana anko inawezekana na azuki, na maharagi, na kunde, na choroko, na mbaazi, lakini haitoke vizuri ku soya wala ku karanga, zile ziko na mafuta na protini mingi na wanga kidogo. Njo maana pia sipendi mikseri ya umeme kwa hii kazi, inakatakata ngozi ndani yake na inapasua zile seli, unapata kitu ya kuvutika-vutika. Wenye wanatumia wataniambia inaenda haraka, na ni kweli inaenda haraka.

Sasa, sasa njo sukari. Kwa ule unga wa kukamua weka karibu gramu 600 kwa kilo moja ya unga, kwa ile ya ngozi ndani weka zile 400 kwa nusu kilo yenye ulianza nayo, na igawanye mara tatu. Weka ya kwanza, koroga mpaka iingie, ndipo ya pili. Sukari nyeupe inaacha ladha safi na rangi muzuri, kwa shiroan usitumie ingine. Ile ya kahawia iko na harufu yake ya muwa, kwa nyekundu napenda hivyo.

Ukiweka sukari utaona ajabu, ile yenye ilikuwa nzito inakuwa maji-maji. Usiogope na usiongeze kitu, ni sukari inayeyuka na inavuta maji ya ndani ya maharagi. Baki pale. Moto wa kati, mwiko wa muti wenye mukono murefu, koroga kuanzia chini, pembe zote za sufuria. Vaa mikono mirefu juu inarukaka, povu zito inavuta pumzi halafu inapasuka, na tone ya anko ku ngozi inachoma kupita maji ya moto, inashikilia pale. Watoto wakae mbali na mbabula. Dakika 15, 20, kulingana na makala, na utafika pale ukipitisha mwiko chini ya sufuria unaona chuma, na njia inakaa wazi kidogo mbele ya kujifunga. Chota, angusha: ikibaki kakilima, toa. Toa mbele kidogo ya uzito wenye unataka, juu ikipoa inakaza sana. Dakika ya mwisho weka chumvi, kakipande ka kushika na vidole viwili. Usiiache. Bila chumvi sukari inakuwa ya upande moja tu.

Usiiache ipoe mu sufuria, itaendelea kujipika na itatoa jasho. Igawanye mu mafungu madogo juu ya sahani kubwa, funika na kitambaa cha kulowana ao plastiki yenye inagusa anko yenyewe ili isifanye ngozi. Ile nusu kilo inakupa zaidi ya kilo moja kama uliacha ngozi. Mu frigo inakaa siku tatu mpaka nne, mu konjelateri mwezi. Lakini tuseme ukweli wa mutaa yetu, umeme unaweza kwenda asubui na kurudi kesho yake. Hapo njo unaelewa juu ya nini wazee wa kule waliweka sukari nyingi: inashika maji, wadudu wa kuozesha wanakosa ya kunywa. Kama huna frigo ya kutegemea, pika kidogo, weka sukari sawa kwa sawa, kausha zaidi, na uikule ndani ya siku moja. Ikisikika harufu ya kuchachuka, mwanga yote.

Kuikula sasa. Mukate wa anko, anpan, iko na historia yenye najua vizuri. Mu 1874 Kimura Yasubei, mwenye alikuwa samurai mbele ya kuwa mwokaji, alianza kuuza mukate na anko ndani ku Ginza, mu Tokyo, duka yake inaitwa Kimuraya na iko mpaka leo. Mukate wakati ule ilikuwa kitu ya wageni, Wajapani hawakuizoea, yeye akauchachusha na hamira ya kutengenezea pombe ya muchele na ndani akaweka kitu chenye kila mutu alikipenda tangu utoto. Mu 1875 ikafika mpaka ku meza ya mufalme Meiji, na katikati ya mukate waliweka ua la cherry yenye imetiwa chumvi. Unaona, chumvi tena. Naipendaka hii juu kwetu iko kinyume: mukate na mandazi tunajua, anko njo mugeni mwenye anaingia ndani.

Basi mimi naiingiza mu mandazi. Donge la unga wa ngano lenye limeumuka, unalifanya bapa ku mukono, katikati nene kuliko pembeni, unaweka kafungu ka anko yenye imepoa na imekauka vizuri, unavuta pembeni zote juu, unabana na unageuza upande wa kubana chini. Mafuta isiwe ya moto sana, ili unga uive bila kuungua inje; anko ya ndani imeisha kuiva. Anko ya maji-maji itafungua mandazi mu mafuta na itaruka, kwa hiyo kwa mandazi kausha zaidi. Asubui mu mutaa ukipita na hiyo sahani haifike mwisho.

Kama huna nguvu ya kukanda, fanya ya Nagoya, muji ingine ya Japani. Kule mu nyumba za kahawa wanachoma kipande kinene cha mukate, wanapaka siagi ao majarini, wanalaza anko juu. Mukate wa ku duka na mbabula yenye inazimika inatosha. Kunywa nayo kahawa ya kisiwa cha Idjwi bila sukari, kali, nyeusi. Hiyo ya bila sukari watu wengi wa hapa hawaipende, tunaweka vijiko vitatu vine, lakini na anko ku mukono jaribu, ule uchungu na ile tamu zinatafutana.

Na wakati mvua ya mwezi wa nne inapiga na hakuna mwenye anatoka, natoa anko kutoka frigo, naiongezea maji mpaka inakuwa uji mwepesi, naichemsha, kachumvi. Kule wanaweka ndani madonge ya muchele wa kunata, mimi naweka vipande vya kiazi kitamu vyenye vimeiva, na pembeni karanga ya chumvi, juu wao wanawekaka pembeni majani ya bahari ya chumvi kwa sababu ile ile. Mama mukubwa, mwenye alitema ile maji siku ile, hii njo anapenda kupita zote. Ameniomba nipike ya kutosha siku ya ubatizo ya mujukuu wake, ya nyeupe, na mandazi yake, na nimeisha kuambia mama wa Kadutu aniwekee kilo mbili pembeni mavuno ikifika.